Mkono wa Mashoto

Patasi alikuwa na wino mweusi kwenye ncha ya pua, na karakana nzima hakuna aliyethubutu kumwambia. Asubuhi ile kumsemesha Patasi ilikuwa kujitafutia balaa. Maonyesho yalikuwa yanafunguliwa alasiri. Picha za wenzake zote zilikwisha kutundikwa ukumbini, ya kwake ilikuwa bado mezani, haijapigwa rangi ya mwisho. Na kama hayo hayakutosha, mama yake alikuwa anakuja, na hakuwa anakuja peke yake.

"Wino uko tayari?" aliuliza.

"Umeniuliza sasa hivi," alijibu Mashoto bila kuinua kichwa.

"Basi nakuuliza tena."

"Uko tayari, bibie. Ulikuwa tayari uliponiuliza mwanzo, na utakuwa tayari hata ukiniuliza tena."

Alitabasamu alivyosema hivyo, na Patasi akageuka haraka haraka akajifanya anatafuta kitambaa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi, miezi na miezi. Huyu akitabasamu, yule anatafuta kitambaa. Wenzao walikuwa wamechoka kuwatazama.

Humo karakanani jina ulilopewa na wazazi uliliacha mlangoni. Yeye walimwita Patasi kwa kuwa ndicho chombo alichokishika kutwa, na pia, wasema wenye midomo, kwa sababu ya ulimi wake. Kazi yake ilikuwa kuchonga picha kwenye vibao vya mbao. Mashoto alikuwa fundi wa mashine: anapaka kibao wino kwa rola, analaza karatasi juu yake, anazungusha gurudumu kubwa la chuma, na picha inahamia kwenye karatasi. Jina lake halihitaji maelezo. Kuanzia rola mpaka kikombe cha chai, kila kitu alikishika kwa mkono wa kushoto.

"Nasikia leo tuna mgeni daktari," alisema Mashoto, akisawazisha wino juu ya kioo.

"Nani kakuambia?"

"Mama yako. Alipiga simu kuuliza kama ukumbini kuna viti vya heshima."

Patasi alifumba macho. "Ni mgeni wake. Daktari wa meno."

"Kwani meno yako yanauma?"

"Mashoto!"

"Nauliza tu. Mtu akiletewa daktari mpaka kazini, lazima hali yake ni mbaya."

Patasi alicheka bila kutaka, kisha akakikatiza kicheko, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mama alikwisha kuzungumza na mama wa daktari. Kilichobaki ni Patasi kusema ndiyo au hapana, na alikuwa ameahidi kusema leo, maonyesho yakiisha, ili tu apate nafasi ya kuchonga kwa amani.

"Una mtu?" mama alikuwa amemuuliza.

"Sina."

"Kama una mtu, sema, mimi si adui yako."

"Mama, nimesema sina!"

Aliyasema kwa ukali kiasi kile kwa sababu wakati ule ule alikuwa akimwona Mashoto mbele ya macho yake, mikono ya shati imekunjwa, akipuliza chai. Angemwambia nini mama? Siku moja tu mama alifika karakanani, akaomba maji. Mashoto, amebeba fremu mkono wa kulia, akamletea bilauri kwa mkono wa kushoto. Weee! Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alikuwa na wimbo mmoja.

"Yule kijana wenu hana adabu. Ananipa maji kwa mkono wa kushoto, mimi, mtu mzima! Na anaishi wapi?"

"Chumba cha nyuma, hapo hapo karakana."

"Ala! Kwa hiyo hata paa lake mwenyewe la kujisitiri hana. Mwanamume mzima analala na mashine!"

Tangu siku ile jina la Mashoto halikutajwa nyumbani.

Sasa hiyo picha. Maonyesho yaliitwa Nuru na Stara. Mwalimu, yule mama mwenye karakana, ndiye aliyeyachagua maneno hayo mawili akawaambia kila mmoja alete chake. Patasi alihangaika. Akachonga dirisha lenye taa ndani. Akachonga mwavuli. Akachonga hata kiota cha ndege. Vyote vilikuwa safi, na vyote vilikuwa vimekufa. Mwalimu alivitazama akasema "vizuri", kwa ile sauti ambayo ukiisikia unajua hapo hapana kitu.

Ndipo akaikumbuka ile mvua. Tuseme kweli, hakuwa ameisahau hata dakika moja.

Ilikuwa mchana, mbingu imekuwa nyeusi tii, umeme umekatika, wenzao wamekimbilia makwao. Patasi alikuwa anamalizia kazi ya mteja kwa taa ndogo ya betri, mara bati la juu yake likaanza kuvuja, tone baada ya tone, sawasawa juu ya kibao. Meza ile nzito haisogezeki. Mashoto akachukua ubao wa kukaushia karatasi, akauinua juu ya kichwa cha Patasi kwa mkono wa kushoto, akasimama.

"Utachoka," Patasi alimwambia.

"Endelea na kazi."

"Mashoto, mvua yenyewe haina dalili ya kukatika."

"Na mimi sina safari."

Basi akaendelea kuchonga. Maji yalikuwa yakiteleza kwenye ubao, yanashuka kiwikoni kwa Mashoto, yanaingia ndani ya shati, na yeye kimya, amegeuka paa. Patasi alipomaliza aliinua uso. Macho yao yakakutana kwenye ule mwanga mdogo. Safari hii hakuna aliyetafuta kitambaa. Kisha umeme ukarudi, kila mtu akashtuka, wakaanza kuzungumza habari za gundi.

Hiyo ndiyo picha aliyoichonga. Mwanamke ameinamia taa, na nyuma yake mwanamume ameipa dunia mgongo, ameinua mkono mmoja kuizuia mvua. Ilikuwa hai mno hata ikamtisha. Mama angeiona! Kwa hiyo Patasi akafanya ujanja. Uso wa mwanamume hauonekani, hilo la kwanza. La pili, huo mkono ulioinuliwa ungekuwa wa kulia. Mkono wa kulia ni wa watu wote. Nani angejua?

Lakini kibao kina tabia yake, msomaji wangu, na tabia hiyo ni ya kioo. Ukichonga mlango upande wa kulia wa kibao, kwenye karatasi unatokea kushoto. Kwa hiyo mchongaji huanza kwa kugeuza mchoro wake. Kila mwanafunzi wa mwanzo husahau, na kila mwanafunzi aliyesahau hukutana na ulimi wa Patasi. Tena kazi hii ilikuwa ya kibao kimoja kwa rangi zote. Ulichonga sehemu za mwanga kwanza, ukachapa njano kwenye karatasi zote. Ukachonga zaidi, ukachapa nyekundu. Ukachonga kwa mara ya mwisho, ukachapa nyeusi. Kilichokwisha kuchongwa hakirudi, hata ulie.

Njano ilikwisha kuchapwa. Nyekundu ilikwisha kuchapwa. Patasi alikuwa ameichonga nyeusi, ile yenye mkono, jana jioni, mwili mzima umemsisimka, mikono inakwenda yenyewe, huku akiona mbele yake mkono wa kulia, mkono wa kulia, mkono wa kulia.

Mashoto alimaliza kupaka wino. Akakitazama kibao. Akakiinamia, akakitazama tena, na rola ikasimama hewani.

"Nichape?"

"Chapa."

Hakusogea. "Una uhakika?"

"Kwa nini unaniuliza mara mbili? Saa zinakwenda. Chapa!"

"Nauliza kwa sababu ikishatoka imetoka."

"Mashoto, nitalishika hilo gurudumu nilizungushe mwenyewe!"

Akalaza karatasi. Akazungusha. Patasi alisikia mashine ikinguruma na moyo wake ukinguruma nayo, na karatasi ilipofika upande wa pili wakashika kila mmoja ncha yake, kama walivyofanya siku zote, wakaibandua taratibu.

Lo! Picha ilikuwa nzuri jamani. Njano ya taa ilikuwa inawaka kutoka ndani ya weusi utadhani kuna betri nyuma ya karatasi. Mvua ilikuwa mvua. Mwanamke aliinama, na mwanamume alisimama nyuma yake, mgongo mpana, na mkono uliokuwa umeinuliwa ulikuwa wa kushoto.

Patasi akauinamia mkono ule, akautazama tena.

Alipomtazama Mashoto, alikuta uso ambao hakuwahi kuuona. Furaha ilikuwa imejaa machoni mpaka inataka kumwagika.

"Ni mimi," alisema polepole. "Ni siku ile. Nilipokiona kibao nikasema labda nimeota. Patasi, umeniweka mbele ya watu wote."

Na yeye, kwa woga wake, kwa kumfikiria mama na daktari na ahadi ya jioni, akasema neno ambalo angelipa chochote kulirudisha.

"Nimekosea."

"Nini?"

"Sikugeuza. Nimesahau kugeuza. Ulitakiwa uwe wa kulia, mkono. Mungu wangu, nimefanya kosa la mwanafunzi!"

Furaha ile ikazimika. Aliiona ikizimika.

"Wa kulia," Mashoto alirudia. "Kwa hiyo ulitaka kuichukua ile siku, uniondoe mimi, uweke mtu mwingine."

"Sikusema hivyo."

"Ulitaka kunipa mkono wa mtu mwingine ili nisijulikane."

"Nilitaka kukusitiri!"

"Kunisitiri na nini? Nimeiba?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Patasi zaidi. "Mtu unamsitiri na mvua. Unamsitiri na aibu. Mimi ni aibu yako?"

"Wewe hujui mama yangu alivyo."

"Najua. Nilimpa maji kwa mkono wa kushoto. Niliona alivyoipokea ile bilauri. Tangu siku ile najifundisha kushika vitu kwa mkono wa kulia, huko chumbani kwangu, peke yangu kama mwehu, ili siku akirudi nimpe maji vizuri. Nimevunja vikombe vyote." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Kuna karakana kubwa mji mwingine wananitaka. Wananisubiri jibu leo. Nilikuwa nimeamua kukataa. Kibao hiki kilinifanya niseme nakataa, tena kwa furaha."

"Usiende."

"Niambie kwa nini nisiende."

Patasi alifungua mdomo. Yule Patasi wa ulimi, anayewakaripia wanafunzi mpaka wanatafuta pa kujificha, alifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Mashoto alitikisa kichwa akarudi mashineni. Alichapa karatasi zilizobaki moja baada ya nyingine bila kusema, kila moja na ule mkono wake. Kisha Patasi akachukua chapa ya kwanza, akamnyooshea. Ilikuwa desturi ya karakana ile: chapa ya kwanza iliyotoka sawasawa haiuzwi wala haigawiwi, ni mali ya fundi aliyeichapa. Ilionyeshwa siku ya ufunguzi, kisha fundi akaenda nayo kwake.

"Ni yako."

"Siitaki," alisema Mashoto akinawa mikono. "Imetoka sawasawa kwa kosa."

Akaingia chumba chake cha nyuma. Patasi akamsikia akiburuta begi kutoka chini ya kitanda.

Mwalimu ndiye aliyemkuta pale amesimama na karatasi mbichi mikononi. Aliitazama picha, na safari hii hakusema "vizuri". Alivua miwani akaifuta, akavaa tena.

"Hii ina pumzi," alisema. "Lakini huyu si—"

"Mwalimu, tafadhali."

"Sijasema kitu. Nauliza tu, niitundike au niache msumari mtupu? Watu wameshaanza kufika."

Kutoka chumba cha nyuma zipu ya begi ililia. Patasi aliusikia mlio ule kwenye mbavu.

"Itundike," alisema. "Katikati."

Ukumbini mlijaa. Mama aliingia amependeza, mkoba kwapani, anatazama viti kwanza kabla ya picha. Nyuma yake alikuja daktari wa meno, kijana mrefu mpole, viatu vinang'aa, anasema samahani kwa kila anayempita.

"Mwanangu!" mama alimkumbatia, akamnong'oneza sikioni humo humo, "Tabasamu. Ameuliza habari zako njia nzima."

"Si kweli, mama," alisema daktari kwa adabu, maana mnong'ono wa mama ulisikika mpaka mlangoni. "Nilinyamaza njia nzima."

"Ni mtaratibu, unaona?"

Wakazunguka. Mama alisifu fremu. Patasi alikuwa akiitikia bila kusikia, shingo imegeukia mlango wa nyuma. Hajatoka. Au ametoka kwa uani? Kisha Mwalimu akapaza sauti: "Jamani, taa ya katikati imekaa vibaya, inamulika sakafu! Mashoto, kabla hujaondoka, hebu nisaidie."

Akatokea. Alikuwa amevaa shati lake zuri, begi ameliweka chini kando ya ukuta. Hakumtazama Patasi. Alifungua ngazi, akaiegemeza pembeni ya picha, akapanda, akawapa watu wote mgongo, akainua mkono kuigeuza taa. Kumbe Mwalimu alikuwa amejua anachokifanya? Mpaka leo anakataa.

Taa iligeuka, mwanga ukaangukia picha, na ukumbi ukasema "aah".

"Hii!" alisema daktari, amesogea karibu, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza. "Hii ni ya kwako? Hii ndiyo nitakayoinunua. Nitaiweka sebuleni, kila anayeingia aione."

"Unaona?" mama alimbana Patasi kiwiko. "Anaithamini kazi yako."

"Haiuzwi," alisema Patasi.

"Haiuzwi vipi? Mtu anataka kuiweka sebuleni!"

"Ziko nyingine zake zinauzwa, mama. Hii ni chapa ya kwanza. Ni ya fundi aliyeichapa."

"Fundi gani?"

Patasi hakuhitaji kujibu. Mama aliitazama picha: mgongo mpana, mkono wa kushoto juu. Akainua macho kwenye ngazi: mgongo mpana, mkono wa kushoto juu. Akarudi kwenye picha. Akarudi kwenye ngazi. Mkoba ukamteleza kwapani.

"Wewe mtoto," alisema taratibu. "Ulisema huna mtu."

Hapo ndipo ulimi wa Patasi ulipofunguka. Masikio yalikuwa yanamwaka moto, na bado alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, tena kubwa kuliko alivyokusudia.

"Nilikudanganya, mama. Ninaye. Ni huyo aliye juu ya ngazi. Siku ile ya mvua kubwa nilikuambia nilijisitiri kwa jirani, nilikudanganya tena. Nilikuwa hapa. Bati lilikuwa linavuja na yeye alinishikia ubao kichwani mpaka nikamaliza kazi, analowa yeye, na hakuniomba hata asante. Nikaichonga siku hiyo kwa sababu sina nyingine niipendayo kama hiyo. Halafu nikaogopa. Nikataka kumbadilisha mkono usimjue. Nilikusudia nimchonge wa kulia, ametoka wa kushoto, na mimi namshukuru Mungu nimekosea! Ningeweka mtu mwingine hapo ningeitazama picha yangu maisha yangu yote nione uongo. Nampenda, mama. Samahani, daktari."

Juu ya ngazi mkono ulikuwa bado umeshika taa, lakini ngazi yenyewe ilikuwa imeanza kutikisika.

"Mshikeni jamani, ataanguka!" alisema daktari, akaikimbilia ngazi akaishika kwa mikono yote miwili. Alikuwa anacheka. "Dada yangu, usiniombe samahani. Mimi mwenyewe nimesukumwa. Nyumbani kuna mtu sijathubutu kumtaja kwa mama yangu mpaka leo. Naomba nipewe chapa mojawapo, nikaitazame nipate ujasiri."

Mashoto alishuka, macho hayamtoki Patasi. Yale yaliyokuwa yamezimika asubuhi yalikuwa yamewaka tena, na safari hii yalikuwa yanamwagika kweli. Wangekumbatiana pale pale kama si mama, aliyekuwa amesimama katikati yao, amewapa mgongo wote wawili, anaitazama picha.

Aliitazama sana.

"Mvua ile ilikuwa kubwa," alisema mama hatimaye, kama anayesema peke yake. "Mimi sikutulia kwa wasiwasi. Nilikuwa nikiwaza, mtoto wangu yuko wapi na mvua hii, nani yuko naye." Akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba juu ya ule mkono ulioinuliwa. "Kumbe alikuwa na paa."

"Mama, mbichi!" Patasi alipiga kelele.

Alikuwa amechelewa. Mama aliondoa kidole, na kidole kilikuwa cheusi tii, na juu ya mkono wa mwanamume, karibu na kiwiko, palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote inahesabika.

"Ole wangu! Nimeiharibu!"

Mashoto alikuwa amekwisha kukimbilia meza ya karakanani. Akarudi na kitambaa chenye mafuta kidogo, amekishika mkono wa kushoto. Alipofika mbele ya mama alikumbuka. Akasita. Akakihamishia mkono wa kulia, kwa taabu, vidole vikiwa havijui vikae vipi, kitambaa kikaanguka. Akakiokota. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Shikamoo, mama. Samahani, nilikuwa... naomba unipe nafasi, najifunza."

"Marahaba. Unajifunza nini?"

"Kukupa vitu kwa mkono wa kulia."

Mama alimtazama toka juu mpaka chini. Kisha akautazama ule mkono wa kushoto uliokuwa umejificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja sahani.

"Siku ile ya mvua ulimshikia mwanangu kwa upi?"

"Wa kushoto, mama."

"Ulichoka?"

"Sana."

"Ukabadilisha?"

"Wa kulia ungeuangusha ubao."

Mama akanyoosha kiganja chake chenye wino. "Basi nipe kwa ule ule."

Na Mashoto akampa kwa ule ule, na mama akapokea kwa mikono miwili.

Patasi hakujua analia mpaka aliposikia chumvi mdomoni. Mwalimu alikuwa amekwisha kuisogelea picha, anaichunguza alama ya dole. "Hii naweza kuigusisha wino kidogo ikapotea," alisema.

"Usiiguse!" walisema Patasi na Mashoto kwa pamoja.

"Ni yangu," alisema Mashoto. "Chapa ya fundi. Naichukua kama ilivyo."

"Na wewe," mama alimgeukia binti yake, akijifuta kidole, na sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi, "umesimama mbele ya watu wazima unatangaza mapenzi, na puani una wino! Tangu lini?"

Patasi alishika pua. "Nina wino?"

"Tangu asubuhi," alisema Mashoto.

"Na hukuniambia!"

"Niliogopa ungeufuta."

Daktari alicheka mpaka akaishika ngazi tena. Hata mama aliuma mdomo. Ndipo simu ya Mashoto ikaita mfukoni. Aliitazama, na Patasi akajua ni akina nani, na roho ikamruka ingawa hapakuwa na sababu tena.

"Kabla hujaipokea," mama alisema, mkoba umerudi kwapani. "Sijakubali kitu, tuelewane. Sijakubali. Lakini Jumapili njoo nyumbani tukuone vizuri. Na uje na nyundo, jikoni kwangu bati linavuja."

"Nitakuja, mama."

Akaweka simu sikioni. Mkono wake mwingine, ule wa kulia, asiojua kuutumia kwa jambo lolote, ulikuwa umeupata mkono wa Patasi na kuushika bila kukosea hata kidogo.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. "Nawashukuru sana, lakini sitaweza kuja. Nimepata kazi ya paa."

Akamtazama Patasi, akatabasamu. Na kitambaa kilikuwa pale pale mkononi mwa mama, karibu kabisa, lakini Patasi hakukitafuta.